Kansa ya utumbo mpana ilivyofika kwenye bandama la baba mdogo

Ukikulia huku kwetu kusini, hasa kama una ndugu Kyela, bandama unalijua kabla hujajua ini liko upande gani. Mtoto tumbo likijaa upande wa kushoto bibi anapeleka mkono chini ya mbavu, anabonyeza kidogo, anasema huyu ana bandama. Anaitwa mzee mwenye wembe na dawa nyeusi ya kupaka, mtoto anashikwa mikono na miguu, anachanjwa chale palepale juu ya uvimbe. Mpaka leo ukishuka Matema siku ya sikukuu watu wanaoga ziwani utawaona watu wazima wana zile alama kwenye mbavu za kushoto. Na bibi hakuwa anabahatisha, malaria ya kujirudiarudia kweli inavimbisha bandama, chale ndo hazisaidii kitu lakini kuligundua alikuwa analigundua.

Naanza na hili kwa sababu mambo ya baba mdogo yalikwama hapohapo kwa muda mrefu. Kila aliyesikia bandama, ndugu, majirani, wazee wa kanisa, hata baadhi ya watu waliovaa koti jeupe, akili ilikimbilia malaria. Lililokuwa mle ndani halikuwa malaria, ilikuwa kansa iliyotoka kwenye utumbo mpana, ileile ambayo alishafanyiwa operesheni, tukatoa shukrani kanisani na ng'ombe akachinjwa, tukajua tumemalizana nayo. Ameniruhusu niandike, sharti lake nisimtaje jina wala kijiji, na nimwambie kila atakayesoma kwamba yupo hai na chai anachuma.

Baba mdogo ana shamba la chai na migomba juu ya Tukuyu, sehemu ambayo mvua ikianza Novemba unaweza kusahau jua lilivyo. Mimi naishi Mbeya mjini, nafundisha baiolojia sekondari, kwahiyo kwenye ukoo ndo nimegeuzwa mtu wa kupokea simu za magonjwa. Simu yake ya kwanza ilihusu damu. Alikuwa anaona damu kwenye choo, na damu kwenye choo huku kwetu ina jina moja tu, mgolo, yaani bawasiri, na mgolo una dawa zake ambazo kila mtu anazo, magome, mizizi, unga wa kuchanganya kwenye uji. Alitumia zote. Baadae akaambiwa amiba akala metro mpaka mdomo ukawa mchungu, baadae taifodi, akachomwa sindano. Muda wote huo choo kinakuwa chembamba, siku nyingine hakipatikani kabisa siku nyingine kinaharisha, na mkanda wa suruali anautoboa matundu mapya. Alipokuja mjini kwenye harusi ya binamu yangu nilimuona viganja vyake vimekuwa vyeupe, hana damu mwilini, anapanda ngazi tatu anasimama kuhema.

Kipimo cha kamera ndo kikaonyesha uvimbe kwenye utumbo mpana upande wa kushoto, pale unaposhuka. Wakachukua kinyama, majibu yakarudi kansa, akafanyiwa operesheni kile kipande kikakatwa na utumbo ukaunganishwa, hakuhitaji mfuko wa choo tumboni ambao ndo ulikuwa unamnyima usingizi kuliko hata kansa yenyewe. Katika zile tezi ndogo zilizotolewa pamoja na utumbo baadhi zilikutwa na kansa, maana yake hatua ya tatu, maana yake dawa za kemo baada ya kidonda kupona.

Hapa kwenye kemo nikae kidogo maana sijaona mtu ameandika kuhusu kemo kwa mtu anayeishi kwenye baridi. Alipangiwa hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, dripu ya dawa inayoitwa okzaliplatini mara moja kila wiki tatu, alafu vidonge vya kapesitabini vya kumeza nyumbani wiki mbili, wiki moja anapumzika, inaanza upya. Nesi alimwambia vizuri kabisa asinywe vitu vya baridi na asishike vitu vya baridi hasa siku zinazofuata dripu, kwa sababu ile dawa inashtua mishipa ya fahamu, ukigusa baridi vidole vinachoma kama vimepigwa umeme na koo linabana unahisi hewa haipiti. Ukiwa Dar maneno hayo maana yake usinywe soda ya friji, basi. Ukiwa juu ya Tukuyu mwezi wa saba baridi ndo hewa yenyewe. Maji ya ndoo asubuhi ni baridi, mpini wa jembe baridi, kitasa cha mlango, kufuli ya banda la ng'ombe, majani ya chai yenye umande ambayo ndo kazi yake ya kila siku. Mama mdogo alimshonea glavu za kitambaa cha blanketi, na kila asubuhi alikuwa anachemsha maji ya kunawa kabla baba mdogo hajatoka kitandani, akitoka nje anafunga mtandio puani na mdomoni ili avute hewa iliyopita kwenye kitambaa. Basi likifika Makambako jioni ule upepo ukaingia dirishani alikuwa anainama anajifunika na koti kichwa chote. Abiria wa jirani wakadhani ni mlevi, aliniambia hilo kwa uchungu sana, yeye mzee wa kanisa ambaye hata ulanzi hajawahi kuonja.

Kwahiyo kama una mgonjwa wa utumbo mpana na mnaishi Njombe, Makete, Mufindi, Rungwe, huku kote, mwambie daktari wa kemo mnaishi wapi na ni mwezi gani. Dozi inaweza kuangaliwa, dawa inaweza kubadilishwa. Ganzi ya vidole ikikomaa inaweza kubaki miezi hata miaka baada ya dripu kuisha, baba mdogo mpaka sasa vifungo vya shati anafungiwa.

Akamaliza dozi, akawa wa kufuatiliwa tu. Na hapa ndo watu wengi wanapotea, maana mtu amepona, anakula, amenenepa, nauli ya kwenda kupimwa kitu ambacho hakiumi inatoka wapi. Lakini kansa ya utumbo mpana ikiamua kurudi inarudi zaidi ndani ya miaka miwili mitatu ya mwanzo, ndo maana miaka hiyo wanataka kukuona kila baada ya miezi mitatu mpaka sita, baadae wanalegeza, mpaka itimie miaka mitano. Anachukuliwa damu kupima kitu kinaitwa CEA, ni protini ambayo kansa nyingi za utumbo zinaimwaga kwenye damu. Iligunduliwa mwaka 1965 kule Montreal, Kanada, na Phil Gold na Samuel Freedman, na pamoja na umri wake wote huo bado ndo kipimo cha damu kinachotegemewa kwenye kufuatilia ugonjwa huu. Peke yake haitoshi kusema una kansa, wavuta sigara wanakuwa nayo juu kidogo, wenye matatizo ya ini pia, ila kwa mtu ambaye ilikuwa juu kabla ya operesheni ikashuka baada ya operesheni, ikianza kupanda tena lazima kuna sababu na lazima itafutwe.

Ya baba mdogo ilianza kupanda. Ikatoka 3 ikawa 8. Wakasema tusubiri turudie. Ikawa 19.

Akafanyiwa ultrasaundi kwenye kituo fulani, sitakitaja na sio muhimu. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda. Mpimaji akapaka ile jeli, akaenda moja kwa moja kwenye ini, maana ndo pa kwanza kuangalia, akazunguka akasema ini safi, na mimi nikatoa pumzi. Akahamia kushoto akampa baba mdogo amri ya kuvuta pumzi na kushikilia, akabonyeza picha ikasimama, akaipima kwa vile vialama viwili, akaifuta, akapima tena. Kwenye karatasi ikaandikwa bandama limekua kidogo, kuna doa. Tuliporudi na ile karatasi kwa aliyetuandikia kipimo akauliza mzee unatoka wapi, Tukuyu, Kyela unaenda, naenda kila mwezi nina shamba la mpunga, basi hiyo ni malaria ya siku nyingi. Kipimo cha malaria kikasoma hamna. Akapewa mseto hivyohivyo.

Nilikasirika wakati ule, siku hizi nikikaa nikafikiria naona njia aliyopita yule mtu. Hapa kwetu doa kwenye bandama au bandama lililovimba lina maelezo mengi sana kabla hujafika kwenye kansa ya utumbo. Kuna malaria yenyewe, Kyela iko kando ya ziwa chini ya mita 600 na mbu ni wa mwaka mzima, Tukuyu iko juu na wako wachache, ni mwendo usiozidi saa mbili za kosta kati ya dunia hizo mbili na watu wanapanda na kushuka kila wiki. Kuna taifodi, kuna kichocho cha tumbo, kuna kansa za damu na za tezi. Kuna TB, ambayo watu wanadhani inakaa kwenye mapafu tu wakati inaweza kukaa kwenye bandama ikatengeneza madoa, hasa kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi, na mikoa yetu hii ndo inaongoza kwa virusi hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 Njombe ilikuwa ya kwanza kwa asilimia 12.7 na Iringa ikafuatia. Kwahiyo mtaalamu wa huku akiona bandama akawaza malaria, TB na HIV hajakosea, anafuata kinachoonekana kila siku. Baba mdogo alipimwa HIV hana, makohozi yakapimwa hamna. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu wa kuuliza huyu mzee aliwahi kuumwa nini huko nyuma.

Na wakati huo kijijini maneno ni mengine. Jirani mmoja alishamleta mzee wa chale mpaka uani, ana wembe wake mpya kwenye karatasi, mama mdogo akamkatalia kwa heshima akampa na ndizi za kuondokea. Wengine wakaanza kusema shamba la mpunga lina ugomvi, mtu ametupiwa kitu. Nilipowasimulia wanafunzi wangu, bila kutaja ni nani, mmoja akaniuliza mwalimu kwani bandama kazi yake nini, na kweli kwenye vitabu vyetu bandama linapewa mistari miwili linaachwa. Ni kiungo cha ukubwa wa ngumi, kina kama gramu 150 mpaka 200 kwa mtu mzima, kimejificha nyuma ya mbavu ya tisa mpaka ya kumi na moja kushoto, kazi yake ni kuchuja damu. Chembe nyekundu zinaishi kama siku 120, zikizeeka zinakwama mle na kuvunjwa. Vijidudu vinavyopita kwenye damu, hasa vile vyenye ganda linalofanya viwe vigumu kukamatwa, vinanaswa mle. Kiungo chenyewe kimejaa askari wa mwili tupu. Na hii ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kwa nini kansa hailiwezi mara nyingi.

Aliyefungua njia alikuwa daktari kijana kwenye kliniki nyingine. Mama mdogo ana mfuko wa nailoni ambao ndani yake kuna kila karatasi ya hospitali tangu siku ya kwanza, risiti, picha, majibu ya kinyama, kadi za kemo, vyote vimekunjwa vimefungwa na raba. Watu wengi hawakuwahi kuuomba ule mfuko. Huyu kijana alimsalimia baba mdogo shikamoo, akaomba kila kitu, akakaa anasoma ukurasa kwa ukurasa foleni ikiwa inanung'unika nje, akafika kwenye majibu ya maabara ya ile operesheni akanyanyua kichwa. Mzee, CEA imepanda lini? Akampangia siti skani ya kifua na tumbo, na kwenye fomu pale sehemu ya maelezo ya mgonjwa akaandika kwa herufi kubwa aliwahi kuwa na kansa ya utumbo mpana. Mtu wa picha akisoma maneno hayo anaangalia picha kwa jicho jingine kabisa, siku hiyo nililiona hilo waziwazi, kwa sababu ripoti ya mwanzo ilisema doa na ripoti hii ilisema uvimbe mmoja ndani ya bandama, sentimita nne, unafanana na kansa iliyosambaa. Ini safi. Mapafu safi.

Mmoja tu, kwenye bandama, kwingine kote hamna. Daktari bingwa wa upasuaji tuliyepelekwa kwake alisema katika kazi yake yote hajawahi kuuona huo kwa macho, ameusoma tu. Nilimuomba anieleze kwa nini ni nadra hivyo na akachukua kalamu akachora.

Karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo hairudi moyoni moja kwa moja, inakusanywa kwenye mshipa mkubwa mmoja inapelekwa kwenye ini kwanza. Kwahiyo chembe ya kansa ikichomoka kwenye utumbo mpana kituo cha kwanza ni ini, ndo maana ini linaongoza kwa mbali, ikipenya hapo kituo cha pili ni mapafu. Kufika kwenye bandama kwa njia ya kawaida lazima ipite ini, ipite moyo, ipite mapafu, irudi moyoni, isukumwe kwenye mishipa ya mwili mzima, alafu ikutane na mshipa unaoingia kwenye bandama ambao unajipinda kona kona kuliko mshipa mwingine wowote pale tumboni. Ikifika inakutana na wale askari. Tena bandama halina mirija ya limfu ya kuingiza, na ile ndo barabara nyingine ambayo kansa inaipenda. Kwa hiyo wagonjwa wengi wanaokutwa na kansa kwenye bandama ni wale ambao imeshasambaa kila kona, bandama ni moja tu ya sehemu. Ya peke yake namna hii ndo inaandikwa na madaktari kwenye majarida yao mgonjwa mmoja mmoja.

Ila kuna njia ya uani. Mshipa unaokusanya damu ya utumbo mpana wa kushoto, upande uleule wa baba mdogo, kwa watu wengi unamwaga kwanza kwenye mshipa unaotoka kwenye bandama, ndipo vyote viwili vinaenda kwenye ini. Sasa pakiwa na presha kidogo, damu ikasukumwa kurudi nyuma, chembe inaweza kurudishwa kwenye bandama bila kuonana na ini. Wapo madaktari wanaoamini ndo inavyokuwa. Yule daktari alisema hawezi kuapa kwamba kwa mzee ilipita hapo. Alisisitiza pia tusichanganye na ile ya uvimbe ulioko kwenye kona ya utumbo iliyogusana na bandama, ule unalitafuna kutokea nje kwa ujirani tu, huu wa kwetu ulikuwa katikati ya nyama ya bandama na ganda lake halijaguswa, ulikuja na damu.

Tukauliza kwa nini wasichome sindano wachukue kinyama kwanza. Akasema bandama ni damu tupu, ukilitoboa linaweza kuvuja vibaya, na kama ni kansa unaweza kuimwaga tumboni, kwa mtu ambaye CEA imepanda na picha inaonyesha uvimbe mmoja bora kulitoa lote. Mtu anaishi bila bandama, ini na viungo vingine vinabeba kazi ya kuchuja. Lakini ulinzi unapungua, na hili alilirudia mara nyingi mpaka baba mdogo akamwambia daktari nimekusikia. Zinatakiwa chanjo kabla ya operesheni, ya nimonia, ya homa ya uti wa mgongo, na nyingine ya kijidudu kinachofupishwa Hib, na inapendeza zitangulie wiki mbili kabla ya kisu ili mwili uwe umejiandaa bandama likiwa bado lipo. Kuzipata chanjo za mtu mzima ilikuwa kazi kubwa kuliko kupata damu ya kumwekea. Watoto wanachanjwa kliniki bila shida, ila ukisema unataka ya mzee unaulizwa maswali, binamu yangu alizunguka sana, nyingine ikapatikana Dar ikaja na basi la usiku kwenye kiboksi cha barafu.

Operesheni yenyewe sina mengi, walimpiga nusu kaputi asubuhi mchana akawa wodini. Kilichonigusa ni kilichofuata. Mtaalamu wa maabara aliyepokea lile bandama akauliza kama vipande vya kansa ya kwanza bado vipo, anataka aviweke pamoja avilinganishe. Na namba ya sampuli ya kwanza ilikuwa wapi? Kwenye mfuko wa mama mdogo, kwenye karatasi imechanika kona ina doa la mafuta ya taa. Vipande vikatafutwa kwa namba hiyo vikapatikana, akavilinganisha, akaandika ni ileile, imetoka utumbo mpana. Bila karatasi ile tungeweza kuambiwa ni kansa mpya ya kitu kingine na akapewa dawa za kitu kingine.

Baada ya hapo chembe za kugandisha damu zikapanda sana, hiyo inatokea bandama likitoka, akapewa aspirini junia kwa muda. Alafu ukaja mjadala wa kemo tena. Daktari wa kemo alituambia ukweli, kwamba kwa sababu wagonjwa kama huyu ni wachache hakuna utafiti mkubwa uliowagawa makundi mawili ukaonyesha nani apewe nini, wanakwenda kwa kufananisha na wale ambao kansa imerudi kwenye ini sehemu moja ikakatwa. Wapo waliotolewa bandama wakaishi miaka mingi bila kitu, wapo ambao ini lilifuata baada ya muda. Nilimheshimu sana kwa kusema hivyo mbele ya mgonjwa. Wakakubaliana vidonge vya kapesitabini peke yake bila ile dripu, kwa sababu ya vidole vyake. Nyayo zilichubuka, mama mdogo akawa anazipaka mafuta asubuhi na jioni, ila glavu za blanketi hazikuhitajika tena.

Maisha yake sasa yana kanuni mpya na ngumu kuliko zote ni ya homa. Mtu asiye na bandama akipata homa sio ya kulala nayo akisubiri asubuhi, wale vijidudu vya nimonia na vya uti wa mgongo vinaweza kummaliza ndani ya saa chache, anakwenda hospitali usiku huohuo. Ana antibayotiki kabatini alizoandikiwa, anameza dozi ya kwanza ndo anatafuta bodaboda. Na malaria kwake sasa ni hatari zaidi maana kiungo kilichokuwa kinachuja chembe zenye vimelea hakipo. Shamba la mpunga Kyela amemkabidhi mwanae. Kaka wa mama mdogo alipofariki kule ilikuwa shughuli, kwa mila zetu shemeji kutolala matangani ni jambo la kusemwa, na lilisemwa. Alikwenda mchana, alizika, jioni akapanda gari kurudi juu, mama mdogo akabaki kuwaelewesha wazee. Mmoja akanipigia mimi, mwalimu hebu nieleze, mtu anatolewa bandama kwa kansa ya tumbo kivipi? Nikamchorea akilini kama nilivyochorewa, ini, moyo, mapafu, njia ya uani. Akasikiliza mpaka mwisho akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nitawaambia wenzangu.

Siku hizi baba mdogo akiingia kwenye chumba chochote cha daktari, hata kama amekwenda kwa ajili ya jino, kabla hajakaa anasema nilikuwa na kansa ya utumbo mpana, ikaenda kwenye bandama, bandama sina. Mwanzo alikuwa anaona aibu kulitamka mbele ya manesi wa umri wa wajukuu zake. Sisi watoto tumepiga picha karatasi zote za kwenye ule mfuko ziko kwenye simu zetu na kwenye grupu la watsapu la familia, majibu ya kinyama ya kwanza, ya pili, namba za sampuli, CEA zote na tarehe zake, chanjo alizochoma na lini zinatakiwa kurudiwa. Kama nyumbani kwenu kuna mtu alishatolewa uvimbe wa utumbo, hata miaka mitatu iliyopita, hata kama sasa hivi analima, fanyeni hivi leo jioni. Akikutwa na kitu kipya popote mwilini, kwenye ini, kwenye mapafu, kwenye mfupa, kwenye sehemu ambayo hata hamjui kazi yake, hizo karatasi zitangulie kabla ya stori za malaria.

CEA yake ya mwisho ilikuwa 2. Siti skani nyingine ni mwezi wa kumi, grupu tumeshaanza kuchanga.